Sifuri ya Kigingi cha Nne

Mvua ikinyesha usiku kucha, watu wa kwetu huamka wakasema imenyesha kweli, au imetosha, au mwaka huu Mungu ametukumbuka. Mpimaji hakusema hivyo hata siku moja. Alisubiri saa tatu asubuhi, akatoka na fimbo yake hadi kwenye kopo la kupimia mvua lililokuwa katikati ya uwanja wake, akalipapasa kama mtu anayemgusa ng'ombe ili asishtuke, kisha akaniita nisome. Nikisema ishirini na tatu, aliniambia nisome tena. Nikisoma tena ishirini na tatu, alisema, "Basi imenyesha milimita ishirini na tatu," na habari ya mvua ikaishia hapo. Kama imebomoa mfereji au imelaza migomba, hiyo ilikuwa habari nyingine, ailete mtu mwingine.

Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Kwa wote alikuwa Mpimaji. Alikuwa amefundisha upimaji wa ardhi kwa miaka mingi katika chuo kimoja mbali na kwetu, akastaafu, akaja kukaa kwenye shamba la marehemu mkewe, mteremko ule ule wa mlima Meru tunaokaa sisi, juu ya nyumba yetu kidogo. Nilipoanza kumfahamu vizuri macho yake yote mawili yalikuwa yameshafunikwa na ukungu. Daktari wa mjini alimwambia ni mtoto wa jicho na anaweza kutolewa. Yeye alisema foleni ilikuwa ndefu, akarudi nyumbani.

Mama ndiye aliyenituma kwake mara ya kwanza, na bakuli la loshoro, yale makande ya maziwa mgando. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuendelea. Nilikuwa mtu wa kukaa jikoni wageni wakija. Shuleni waliniita Kobe kwa sababu ya kuandika polepole. Wenzangu walikuwa wanakwenda mapumziko, mimi bado nipo kwenye swali la tatu. Mpimaji alinipa daftari lake la mvua akaniambia niandike namba ya siku ile. Nikaandika. Akasubiri. Akauliza, "Umemaliza?" Nikasema bado. Akasubiri tena. Nilipomaliza akasema, "Wewe utakuwa karani wangu. Wale wa haraka nimewafundisha wengi, na wote wananidai usingizi."

Sikuelewa alichomaanisha. Nilielewa baadaye sana.

Tangu siku ile akaniita karani, nami nikamwita babu. Kila asubuhi nilipanda kwake, nikasoma kopo, nikaandika, nikashuka. Alinifundisha kusoma namba tarakimu moja moja, si kwa jumla. Hakutaka nimwambie mia mbili na arobaini; alitaka mbili, nne, sifuri. Alisema ukisoma kwa jumla mdomo unamalizia kile ambacho macho hayajaona.

Namba zilizonyooka hakuzipenda. Siku moja alikuja mnunuzi wa kahawa na mizani yake, akapima gunia la Mpimaji akasema, "Hamsini, mzee. Hamsini kamili."

"Pima tena."

Akapima. "Hamsini."

"Ondoa gunia, gonga mizani, weka tena."

Yule kijana aligonga mizani kwa hasira, akaweka gunia, akainama kusoma. "Hamsini na moja na robo."

"Namba iliyonyooka sana," Mpimaji akamwambia, "imepigwa pasi na mtu. Kahawa haijui kunyooka." Yule mnunuzi alicheka, lakini tangu hapo alikuwa akifika kwetu anagonga mizani kabla hata ya kuambiwa.

Ungedhani mtu wa namna hiyo ana nyumba iliyonyooka. Nyumba ya Mpimaji ilikuwa imejengwa kwa macho. Aliijenga mwenyewe baada ya kustaafu, bila kamba, bila timazi, na alisema miaka thelathini ya timazi ilikuwa imemtosha. Mlango wa mbele haukuwahi kufunga. Upande wa juu wa fremu uliacha nafasi ambayo kidole changu kilipita, na hapo alikuwa amesokomeza kipande cha gunia kuzuia baridi. Mafundi walimcheka. Mchungaji alipomtembelea alisema kwa upole kwamba wapo vijana wa kanisa wanaoweza kurekebisha.

"Ni milimita ishirini na mbili," Mpimaji akamjibu. "Nikijua ni ngapi, hainisumbui."

Na sukari hakupima. Zahanati walimwambia aweke kijiko kimoja tu kwenye chai. Aliweka kwa upawa mdogo wa mbao. Nikamwambia, "Babu, walisema kijiko kimoja." Akasema, "Hawakusema kijiko gani. Uzembe wa vipimo huo, si wangu."

Alikuwa na maneno yake mawili ambayo aliyarudia mpaka nikayachoka. La kwanza lilikuwa "soma tena". La pili lilikuwa "vua koti". Maana ya la pili alinieleza siku tuliyojumlisha mvua ya mwezi. Alisema ukiwa na namba nyingi ndefu zinazofanana mwanzoni, kama elfu moja na tatu, elfu moja na saba, elfu moja na mbili, usihangaike na zile elfu. Zile ni koti, wote wamevaa sare. Zivue uziweke pembeni, ufanye hesabu na tatu, saba na mbili, ukimaliza uwavalishe tena. "Mtu anatafuta tofauti kati ya watu," alisema, "halafu anakaa anapima makoti."

Nilidhani ni hesabu za kunipumzisha mimi mvivu wa kuandika. Sikujua kwamba juu ya neno hilo nyumba yetu ingesimama au kuachwa.

Ufa tuliuona mwisho wa masika ya mwaka mmoja, juu ya shamba letu la migomba, ukikata kahawa mstari mmoja kutoka upande hadi upande. Haukuwa mkubwa. Mguu wa mtoto ungeingia. Nyumba yetu ilikuwa chini yake moja kwa moja, na ndani ya nyumba alikuwamo bibi yangu, mama yake mama, ambaye hawezi kutembea. Mama alikuwa ameanza kumjengea bibi chumba kipya upande wa nyuma, upande wa mlima, kwa sababu huko hakuna upepo. Kuta zilikuwa zimesimama, kenchi za paa bado. Alipouona ule ufa aliwasimamisha mafundi.

Wakati huo kulikuwa na mradi wa maji uliotaka kupitisha bomba katika mteremko wetu. Wakapiga vigingi vya chuma vyenye saruji: kimoja kanisani, kimoja shuleni, vingine juu na chini ya ufa. Kigingi cha nne kilikuwa shambani kwetu, hatua chache nyuma ya chumba cha bibi. Kila mwezi alikuja afisa upimaji wa mradi na mtambo wake wa miguu mitatu, akapima kila kigingi kilipo kwenye ramani, mpaka milimita, kuona kama ardhi inatembea. Afisa huyo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mkazi wa Olasiti, na kumbe alikuwa mwanafunzi wa Mpimaji zamani. Kila akija alipita kwanza kumwamkia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Bado unaandika milimita bila nukta?"

"Bila nukta, Mwalimu. Nukta hupotea kwenye mvua."

"Vizuri."

Wote wawili walicheka kidogo, kicheko cha watu waliofanya kazi ile ile. Mimi nilikuwa nachuja chai.

Baada ya miezi tisa mradi uliita mkutano kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Afisa alikuwa na karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta, zile za visanduku, wanaziita lahajedwali. Kila kigingi kilikuwa na mstari wake wa vipimo tisa, na mwisho wa mstari kulikuwa na namba moja, mtawanyiko, ambayo inasema vipimo vile tisa vimeachana kiasi gani kati yao. Kigingi kisichosogea, mtawanyiko wake ni mdogo. Kinachotembea, wake ni mkubwa. Afisa alituambia tusihangaike na namba nyingine, tutazame ya mwisho.

"Kigingi cha kanisani kimechezewa," alisema. "Mtawanyiko mia na ishirini na nane. Cha shuleni vile vile, watoto wanakikalia. Hivyo tutavipiga upya. Vigingi vya mlimani vimetulia. Kigingi cha nne, sifuri."

Mama alinishika goti. "Umesikia? Sifuri."

Wiki hiyo hiyo mafundi wakarudi, wakapandisha kenchi.

Mimi nilipanda kwa Mpimaji na nakala ya karatasi, kwa sababu alikuwa ameagiza. Mkutanoni hakwenda; alisema viti vya baraza vinamuumiza mgongo. Alikuwa kitandani ameketi, miguu chini. Akasema, "Soma."

Nikaanza na namba za mwisho kama afisa alivyofanya. Kanisani, moja, mbili, nane, nukta, sifuri, sifuri. Shuleni, moja, mbili, nane, nukta, sifuri, sifuri.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Vigingi viwili. Kimoja kanisani, kimoja shuleni, bonde katikati. Vyote mia na ishirini na nane, hakuna hata nusu ya milimita kuzidi?"

"Ndiyo, babu."

Kuku aliingia kwa ule mlango usiofunga, akatembea, akatoka. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejibu swali ambalo halikuulizwa, "Hiyo imepigwa pasi."

Akaniambia nisome kigingi cha nne, vipimo vyote tisa, tarakimu moja moja. Kila kipimo kilikuwa na tarakimu kumi. Cha kwanza kilikuwa tisa, sita, mbili, nane, nne, moja, mbili, tatu, nne, sifuri. Nilisoma vyote. Nilipofika cha tatu nilianza kuona mwenyewe jambo ambalo pale barazani hakuna aliyeliona, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa tutazame mwisho wa mstari. Tarakimu nane za mwanzo hazikubadilika kamwe. Mbili za mwisho zilikuwa zinashuka.

"Vua koti," akasema.

Tulifanya hesabu ile asubuhi mbili, kwa sababu ya uandishi wangu. Baada ya kuvua koti zilibaki namba hizi: arobaini, thelathini na nane, thelathini na tano, thelathini na tatu, ishirini na nane, ishirini na tano, kumi na tisa, kumi na mbili, nne. Wastani wake ishirini na sita. Nikatoa kila moja kwenye wastani, nikazidisha kila tofauti kwa yenyewe, nikajumlisha, nikagawa kwa nane kama alivyoniambia, na kipeuo chake cha pili akakitafuta yeye kichwani huku amefumba macho yale yasiyoona. Mtawanyiko ulitoka milimita kumi na mbili na robo.

Haukuwa sifuri. Na kwa miezi tisa kigingi kilikuwa kimeshuka milimita thelathini na sita, na kila mwezi kilishuka zaidi ya mwezi uliotangulia, isipokuwa mmoja au miwili.

"Babu, kompyuta imekosea?"

"Mwite yule kijana," akasema. Alimaanisha afisa mwenye mvi.

Alikuja siku ya tatu na kompyuta yake ya mkononi kwenye begi. Akaketi kwenye kigoda, akamwamkia. Mpimaji hakuuliza habari za milimita.

"Mtawanyiko umeutafuta kwa njia gani?"

"Kwa kanuni yako, Mwalimu. Ile ya kupita mara moja. Unajumlisha namba, unajumlisha na miraba yake, halafu unatoa moja kwa nyingine. Niliiandika mwenyewe kwenye visanduku kutoka kwenye daftari la chuo. Ninalo hadi leo."

"Na ikitoka hasi?"

Afisa alisita. "Kwa vigingi kadhaa ilitoka hasi. Kompyuta ikawa inalalamika, haiwezi kutafuta kipeuo cha pili. Nikaiwekea amri: ikitoka chini ya sifuri, andika sifuri."

"Mtawanyiko unaweza kuwa chini ya sifuri?"

"Hauwezi, Mwalimu."

"Sasa ulipouona uko chini ya sifuri ulifikiri ni nini?"

"Nilifikiri ni vijipunje tu vya makadirio. Nilikuwa na vigingi vingi, Mwalimu. Bosi anataka ripoti Ijumaa."

Mpimaji aliomba chai. Nilimpa. Akazungumza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Alisema kompyuta ina ndoo, na ndoo yake inachukua tarakimu kumi na tano hivi. Ukizidisha namba ya tarakimu kumi kwa yenyewe unapata tarakimu ishirini. Zile za mwisho zinamwagika, na kompyuta haisemi kama zimemwagika. Kisha unatoa namba kubwa kwa namba kubwa inayokaribia kuwa sawa nayo, na kinachobaki ni matope ya chini ya ndoo. Mara sifuri, mara hasi, mara mia na ishirini na nane kwenye kigingi ambacho hakijaguswa na mtu. "Na mlima wetu," alisema, "unatembea ndani ya zile tarakimu zilizomwagika."

Afisa alifungua kompyuta. Alisema kompyuta ina njia yake yenyewe ya kutafuta mtawanyiko, ambayo hakuitumia kwa sababu aliizoea kanuni ya chuo. Akaiita njia hiyo kwa kigingi cha nne. Akatazama kioo. Akanisomea mimi, si Mpimaji: "Kumi na mbili nukta mbili saba." Kigingi cha kanisani kikatoka chini ya milimita moja.

"Siku hizi hiyo njia yake inavua koti kwanza," Mpimaji akasema. "Zamani haikuwa inavua. Wamejifunza."

"Mwalimu, na sisi ulitufundisha kuvua. Kwenye kikokotoo tulivua kila siku. Lakini kompyuta zilipokuja..." Akaacha.

"Malizia."

"Tulikuuliza darasani. Mimi ndiye niliyeuliza. Nilisema, Mwalimu, na kwenye kompyuta tuvue koti? Ukasema haina haja, kompyuta ina nguvu, iacheni ivae."

Sikuwahi kumwona Mpimaji akitafuta neno. Siku ile alilitafuta. Mkono wenye kikombe ulishuka mpaka kikombe kikakaa gotini.

"Nakumbuka," alisema mwishowe. "Ilikuwa kipindi cha mwisho, nilikuwa nimechoka. Sikuwa nimejaribu. Nilisema tu ili tutoke." Akakizungusha kikombe gotini. "Nimefundisha hivyo miaka minne mpaka nikastaafu. Hesabu madarasa manne. Wako wapi sasa hivi? Wanapima mabwawa, wanapima madaraja."

Afisa alisema, "Wengi hawatumii milimita, Mwalimu. Kwa namba fupi haileti shida." Alisema kwa upole. Lakini Mpimaji alikuwa ameshaondoka pale kitandani kwa mawazo, ingawa alikuwa amekaa.

Mkutano wa pili uliitwa. Safari hii Mpimaji alikwenda, amenishika bega. Watu walikuwa wamechoka na mikutano. Afisa alianza kusema kumetokea hitilafu ndogo ya kompyuta, na Mpimaji akamkata.

"Kompyuta imefanya ulichoiambia. Na wewe umefanya nilichokuambia. Kosa ni langu, lina miaka mingi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mpimaji haoni hata kikombe chake, ndiye aone mlima unatembea?" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa unaniomba kitu ambacho sikuwa nacho.

"Sioni," Mpimaji akasema. "Karani, soma."

Nilikuwa sijawahi kuongea mbele ya watu. Nilitaka kumpa afisa karatasi asome yeye, ila mkono wa Mpimaji ulikuwa bado begani kwangu, mzito. Nikasoma. Arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na tano. Nilisoma polepole kwa sababu sijui kusoma namna nyingine. Thelathini na tatu. Ishirini na nane. Ishirini na tano. Kwenye kumi na tisa yule wa nyuma alikuwa amenyamaza. Kumi na mbili. Nne.

"Inafuata ngapi?" mama akauliza.

Akamgeukia afisa. "Nauliza, utaanguka lini?"

"Hilo namba hazisemi, mama. Zinasema unatembea."

"Mwezi uliopita zilisema haujatembea."

Afisa aliinamisha kichwa.

Tulihama kabla ya masika. Wanaume wanne walimbeba bibi kwenye kiti mpaka barabarani, naye njia nzima alikuwa anauliza nani atawasha moto. Tulipanga vyumba viwili Maji ya Chai, nyuma ya genge ambapo mama sasa anauza ndizi na parachichi kwa watu wa mabasi. Familia mbili nyingine za chini ya ufa zilihama pia. Bomba la mradi lilipitishwa kwingine. Masika ilikuja, ikanyesha, ikaisha. Mlima haukuanguka.

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Ungeanguka tungelia na kushukuru. Haukuanguka, na chumba cha bibi kilikuwa kimesimama kule juu na kenchi zake, na mama alipochoka kupanga ndizi aliniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa, "Huo mlima wenu umeanguka lini?" Pale gengeni watu wa kwetu walipopita walitutania. Mimi niliinama nikafuta parachichi.

Mpimaji hakuhama. Tulimsihi, mama kwa maneno makali kabisa. Alisema kwake hakuna kigingi, na mahali pasipopimwa hawezi kusema lolote. Mama alimwambia huo ni ubishi wa mtoto. Alikubali. Alisema ni ubishi, lakini amechoka kubebwa na namba.

Nilikaa miezi bila kupanda kwake. Nilisema ni kazi za genge. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwambia kwamba mama ana wasiwasi tulihama bure, na mimi pia siku nyingine.

Nilipanda majira ya baridi, asubuhi yenye ukungu, na bakuli la loshoro kama mara ya kwanza. Usiku yalikuwa yamenyesha manyunyu. Nilipiga hodi.

"Ingia, karani. Nimekujua kwa hatua. Unatembea kama unavyoandika."

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Anauliza moto."

Alikuwa amekonda. Mtoto wa jirani ndiye alikuwa anamsomea kopo sasa, alisema, na anasoma kwa jumla, anaruka. Nikamwekea loshoro kwenye meza, akaanza kula. Upepo ulikuwa unaingia, nikageuka kuusukuma mlango kama nilivyokuwa nausukuma siku zote, kwa mazoea, nikijua utaishia njiani.

Ukafunga.

Ulifunga wote, juu mpaka chini, na chumba kikawa na giza. Kile kipande cha gunia kilikuwa sakafuni, kimepondeka bapa kama karatasi. Nilidhani labda vijana wa kanisa walikuja hatimaye. Lakini fremu ilikuwa ile ile, misumari ile ile yenye kutu, na ukutani juu ya fremu kulikuwa na mstari mwembamba mpya wa ufa uliopanda kwenda darini.

Yeye alikuwa ameacha kutafuna.

"Umefunga wewe?"

"Nimesukuma tu, babu."

"Sikuusikia ukikwama."

"Haukukwama."

Alinyoosha mkono nikampa fimbo, akaja mpaka mlangoni. Akapapasa upande wa juu wa fremu, pale kidole kilipokuwa kinapita. Alipapasa mara mbili, kutoka kona hadi kona.

"Ilikuwa ishirini na mbili," alisema. "Sasa ngapi?"

Nilichukua rula kwenye daftari la mvua, nikajaribu kuingiza ncha yake. Nikajaribu karatasi.

"Sifuri, babu."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nilichukua muda wangu. Nilipita na karatasi juu, upande wa bawaba, upande wa kitasa, na haikupita popote.

"Sifuri."

Alisimama pale na kiganja chake juu ya mbao, kama anavyoligusa kopo lake. Kisha akauliza kama nina nguvu za kumshika mkono mpaka Maji ya Chai, kwa kuwa njia ina utelezi. Nikasema ninazo. Akataka daftari la mvua nilitie kwenye kikapu, na kopo pia. Vingine vingefuatwa na wenye mgongo wa kubebea mizigo.

Niliuvuta mlango kwa mikono miwili ndipo ukafunguka. Uwanjani ilikuwa saa tatu kasoro kidogo. Nikainama kung'oa kopo, nikaona ndani yake kuna maji ya usiku, yametulia. Nikamwambia asubiri kidogo, nitayasoma, kalamu ninayo.

"Yamwage," akasema.